Anayejinyima Chakula Si Mkaidi

Binti akianza kukataa chakula, kila mtu nyumbani huwa na maelezo yake. Bibi husema ni vidonda vya tumbo, shangazi huuliza kwa siri kama si mimba, jirani hunong'ona kuhusu Ukimwi, na hakosekani wa kusema amerogwa au ana mapepo. Majibu ya maabara yakitoka safi na binti akazidi kukonda, maelezo hugeuka lawama: ana maringo, ni mkaidi, amedekezwa, anaiga mambo ya kwenye simu. Mama naye hupata fungu lake, kwamba hakujua kulea. Katika maneno yote hayo ni nadra mtu kutaja jambo ambalo watafiti wamelithibitisha kwa miongo kadhaa sasa, kwamba yapo maradhi yanayovuruga uhusiano wa mtu na chakula, kwamba huwapata wanawake kuliko wanaume, na kwamba chanzo chake kiko pande mbili kwa wakati mmoja: katika vinasaba alivyozaliwa navyo mtu na katika mazingira anamoishi. Hoja ya makala haya ni kwamba tukizishika pande zote mbili, lawama itaondoka na wajibu utabaki. Tukishika upande mmoja tu, tutaendelea kuwakaripia wagonjwa na kuwaacha bila tiba.

Maradhi yenyewe yanayojulikana zaidi ni matatu. Anoreksia humfanya mtu ajinyime chakula mpaka mwili unyauke, huku akiogopa kunenepa au akikataa kabisa kuona kwamba amekonda. Bulimia humfanya ale chakula kingi kwa muda mfupi bila kuweza kujizuia, kisha ajitapishe, atumie dawa za kuharisha au ajitese kwa mazoezi ili kufuta alichokula. La tatu ni la kula kupindukia, ambalo ulaji wa kujaza tumbo kwa aibu na kwa siri hurudi tena na tena, ila bila kujitapisha. Si maradhi mapya. Anoreksia ilielezwa na madaktari wawili mwaka 1873, William Gull wa Uingereza na Charles Lasègue wa Ufaransa, na bulimia ilielezwa na Gerald Russell mjini London mwaka 1979. Uchunguzi mkubwa uliochapishwa Marekani mwaka 2007 ulikadiria kwamba wanawake 9 katika kila 1,000 huugua anoreksia wakati fulani wa maisha yao, dhidi ya wanaume 3. Kwa bulimia ni 15 dhidi ya 5, na kwa kula kupindukia ni 35 dhidi ya 20. Wala si mambo ya kupuuza. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliotolewa mwaka 2011 ulionyesha kwamba wagonjwa wa anoreksia hufariki kwa kiwango kinachokaribia mara sita ya wenzao wa rika lao, na kwamba katika kila vifo vitano vyao, kimoja ni cha kujiua.

Tuanze na upande wa urithi, kwa kuwa ndio unaosahaulika zaidi. Madaktari walikwisha kuona zamani kwamba maradhi haya huandama familia. Utafiti wa Michael Strober na wenzake, uliochapishwa Marekani mwaka 2000, ulionyesha kwamba jamaa wa kike wa karibu wa mgonjwa wa anoreksia wana uwezekano wa kuipata unaofikia mara 11 ya ule wa wanawake wengine. Lakini hilo peke yake halithibitishi urithi, kwa sababu mama na binti hawagawani damu tu. Hula chungu kimoja, husikia maneno yaleyale na huishi hofu zilezile. Hapo ndipo mapacha wanapotusaidia. Mapacha wanaofanana kabisa wana vinasaba ambavyo karibu vyote ni vilevile, na mapacha wasiofanana wana takriban nusu tu ya pamoja, kama ndugu wowote wa tumbo moja. Wote hulelewa katika nyumba moja kwa wakati mmoja. Kama malezi ndiyo yangekuwa sababu pekee, aina zote mbili za mapacha zingefanana sawasawa katika kuugua. Haiko hivyo: pacha wa kufanana akiugua, mwenzake yuko hatarini zaidi. Kutokana na hesabu za namna hiyo, wataalamu hukadiria kwamba urithi unaeleza takriban nusu, au zaidi kidogo, ya tofauti iliyopo kati ya mtu na mtu katika hatari ya anoreksia na bulimia. Makadirio ya kula kupindukia hayako mbali na hapo.

Mwaka 2019 jarida la Nature Genetics lilichapisha utafiti uliolinganisha vinasaba vya wagonjwa wa anoreksia 16,992 na vya watu 55,525 wasio na ugonjwa huo, kutoka nchi 17. Maeneo manane ya vinasaba yalionekana kuhusiana na ugonjwa. Mengine katika matokeo hayo yalitarajiwa, kwamba urithi wa anoreksia unaingiliana na ule wa wasiwasi, sonona na tabia ya kurudiarudia jambo bila kuweza kuliacha. Lililoshangaza ni kwamba unaingiliana pia na vinasaba vinavyohusika na jinsi mwili unavyotumia sukari na mafuta, na vinavyohusika na mwelekeo wa mtu kupenda shughuli za mwili. Maana yake ni nzito. Huenda wapo watu ambao miili yao huipokea njaa tofauti na tuipokeavyo wengine, na ambao wakishaanza kupungua, mwili wenyewe huwavuta waendelee kushuka. Kumwambia mtu wa namna hiyo "kula tu, mbona ni rahisi" ni kama kutomsikia. Tuseme pia wazi kwamba washiriki wa utafiti huo walikuwa wa asili ya Ulaya. Vinasaba vya Waafrika havikuwamo, na vyuo vikuu vyetu vina kazi ya kufanya hapo.

Msomaji makini atauliza: ikiwa ni vinasaba, mbona maradhi haya yanaonekana kuongezeka mahali ambapo vinasaba vya watu havikubadilika? Swali hilo lina jibu lililopimwa. Katika mkoa wa Nadroga nchini Fiji, mwili uliojaa ulikuwa fahari na kulishana kulikuwa sehemu ya heshima. Televisheni ilifika huko mwaka 1995, na Anne Becker, daktari na mwanaanthropolojia wa Marekani, aliwahoji wasichana wa sekondari wiki chache baada ya televisheni kufika, kisha akahoji kundi jingine la wasichana wa aina hiyohiyo mwaka 1998. Mwanzoni asilimia 12.7 walikuwa na alama za juu katika kipimo cha ulaji wenye matatizo. Miaka mitatu baadaye walikuwa asilimia 29.2. Mwanzoni hakuna hata mmoja aliyesema anajitapisha ili apungue. Miaka mitatu baadaye walikuwa asilimia 11.3. Wasichana wenyewe walieleza kwamba walitaka kufanana na wanawake waliowaona katika tamthilia za nje, kwa kuwa waliwaona ndio wenye kazi na maisha mazuri. Miaka mitatu haitoshi kubadili vinasaba vya kijiji chochote. Kilichobadilika ni yale yaliyowazunguka.

Hata hivyo, takwimu hizohizo zinakataa kuegemezwa upande mmoja. Asilimia 29 ni wengi, lakini waliobaki, yaani zaidi ya theluthi mbili, walitazama runinga ileile na hawakufikia kiwango hicho. Cheche ikirushwa na upepo huweza kuziangukia nyumba mbili jirani, moja ya bati na nyingine ya makuti, na tunajua itakayoshika moto. Hakuna anayesema nyumba ya makuti imejichoma yenyewe, wala hakuna anayesema cheche haina kosa kwa kuwa ya bati haikuungua. Ndivyo urithi na mazingira yanavyofanya kazi katika maradhi haya. Kinasaba hakimwamuru mtu aache kula. Humfanya awe mwepesi kudhurika pale mazingira yanapomsukuma. Na ule usemi wa "nusu ni urithi" haumaanishi kwamba nusu ya ugonjwa wa binti fulani imetoka kwa wazazi na nusu kwa dunia. Ni kipimo cha kundi la watu katika mazingira fulani, na mazingira yakibadilika, kipimo nacho hubadilika.

Jambo hilo la kubadilika linaonekana vizuri zaidi katika umri wa kubalehe. Kelly Klump na wenzake huko Marekani waliwafuatilia mapacha wa kike na kukuta kwamba kwa wasichana ambao hawajabalehe, urithi hauelezi karibu chochote katika tofauti za ulaji wenye matatizo. Wakishabalehe, mchango wa urithi hupanda hadi karibu nusu. Inaelekea homoni za kike, hasa estrojeni, zina mkono katika kuviamsha vinasaba hivyo, na hiyo ni sehemu ya jibu la kwa nini wanawake ndio waathirika wakuu na kwa nini ugonjwa huanza mara nyingi katika miaka ya ujana. Lakini tazama mambo mengine yanayompata binti katika umri huohuo. Nyonga zinapanuka na mwili unaongezeka kwa mpango wa maumbile, na papo hapo watu wanaanza kuuzungumzia: wajomba, wanafunzi wenzake, wapita njia, wachangiaji wa mitandaoni. Damu na jamii humfikia mlangoni kwa pamoja. Kwa wengine kuna mizigo mizito zaidi, kama kudhulumiwa kingono utotoni, jambo linaloongeza hatari ya bulimia na ya kula kupindukia, au kuchekwa kwa sababu ya unene. Wengine wako katika fani zinazodai wepesi wa mwili, kama sarakasi, dansi na mbio ndefu.

Katika mambo yote ya mazingira, lipo moja ambalo halizungumzwi vya kutosha, nalo ni njaa yenyewe. Mwaka 1944 Ancel Keys wa Chuo Kikuu cha Minnesota alianza jaribio kwa vijana wa kiume 36 wenye afya njema ya mwili na akili, waliokataa kwenda vitani na wakajitolea kwa utafiti. Kwa takriban miezi sita chakula chao kilipunguzwa hadi karibu nusu: mkate, viazi, tanipu, tambi. Walipoteza takriban robo ya uzito wao. Yaliyofuata hayakuhusu uzito tu. Walianza kukusanya vitabu vya mapishi, wakavisoma kitandani. Mlo wa dakika chache waliuvuta kwa muda mrefu, wakiukatakata vipande vidogo, kisha wakalamba sahani. Walijitenga, wakawa wepesi wa kukasirika, wakapoteza hamu ya urafiki na mapenzi. Waliporudishiwa chakula, baadhi yao walikula bila kuweza kusimama, na miezi ikapita kabla mambo hayajatulia. Hawa hawakuwa mabinti waliodekezwa wala hawakuiga mtu yeyote. Njaa ndiyo iliyogeuza akili zao. Utafiti uliofanyika jimbo la Victoria, Australia, na kuchapishwa mwaka 1999, unaongeza uzito wa jambo hili: wasichana waliojinyima chakula kwa ukali ili kupungua walikuwa na hatari ya kupata maradhi ya ulaji iliyofikia mara 18 ya wasiojinyima. Kwa mwenye vinasaba vya hatari, kujinyima huko hakupaswi kuitwa mtindo wa maisha. Ni mlango wa ugonjwa.

Pingamizi linalosikika sana kwetu ni kwamba haya ni maradhi ya Wazungu na matajiri. Lina chembe ya ukweli: mwaka 2004 daktari wa magonjwa ya akili Frank Njenga na mwenzake waliandika katika East African Medical Journal kwamba anoreksia ni nadra nchini Kenya. Lakini nadra si sawa na hakuna. Mwaka huohuo ulitoka utafiti wa Ghana uliowapima wanafunzi wa kike 668 wa sekondari kaskazini-mashariki mwa nchi hiyo, ukawakuta 10 waliojinyima chakula hadi kudhoofika. Wao hawakutaja unene wala umbo. Walizungumzia dini, kujitawala na kuishinda njaa. Miaka mitatu baadaye, Kamryn Eddy na wenzake walichapisha utafiti juu ya wanawake wa Tanzania: dalili za ulaji wenye matatizo zilikuwepo, na zilihusiana na ukaribu wa mtu na vyombo vya habari na utamaduni wa nje. Na huko Ulaya, Mtakatifu Katarina wa Siena alifariki mwaka 1380 baada ya miaka ya kujinyima chakula, karne nyingi kabla ya majarida ya mitindo. Jamii humpa mgonjwa lugha ya kuelezea anachokifanya, iwe ni urembo, utakatifu au kujitawala, lakini udhaifu ulio chini yake hauna pasipoti. Wala umaskini si kinga: utafiti wa San Antonio, Texas, uliochapishwa mwaka 2017, ulionyesha kwamba miongoni mwa watu wanaotegemea misaada ya chakula, kadiri uhaba ulivyozidi ndivyo ulaji wa kupindukia ulivyozidi.

Wengine watasema sisi tuna kinga yetu, kwa kuwa kwetu mwanamke aliyejaa husifiwa, "umenenepa, umependeza", na kukonda kulibeba aibu ya Ukimwi, uliofahamika Uganda katika miaka ya 1980 kwa jina la ugonjwa wa kukonda. Ni kweli kinga hiyo ilikuwepo, ila inachakaa mbele ya macho yetu. Pita mitandaoni uone chai ya kupunguza tumbo, mikanda ya kubana kiuno na matangazo ya dawa za kuondoa "nyama uzembe" ndani ya siku kumi. Binti wa leo anadaiwa vitu viwili vinavyopingana: kiuno chembamba kama cha picha iliyorekebishwa, na nyonga pana za "namba nane". Shangazi anamsifu kwa kunenepa na rafiki anamcheka kwa hilohilo. Tena sifa zetu za unene zina kasoro yake, kwamba zinaruhusu kila mtu kuuhukumu mwili wa mwanamke hadharani, kwenye harusi, msibani na ofisini. Aliyezoea kusikia mwili wake ukipigiwa kura kila siku ni rahisi kuamini kwamba thamani yake iko kwenye mizani.

Pingamizi zito zaidi linatoka kwa watu wa afya. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015-16 ulionyesha kwamba asilimia 28 ya wanawake wa Tanzania wa umri wa kuzaa walikuwa na uzito uliozidi au unene uliokithiri, na kisukari na shinikizo la damu viko nyuma yake. Je, tunyamaze ili tusiwaudhi wanaojinyima? Hapana. Lakini kuna tofauti kati ya kumfundisha mtu kula na kumwaibisha. Anayekaripiwa kliniki mbele ya foleni mara nyingi hujinyima siku mbili, akashindwa, akala kwa kujificha, kisha akachelewa kurudi. Ushauri wa kuongeza mboga, kunde na matunda, kupunguza soda na mafuta, na kutembea kila siku unaweza kutolewa bila tusi hata moja. Kula kupindukia nako ni maradhi ya ulaji, na wengi wanaougua wako ndani ya ile asilimia 28. Kuwaaibisha ni kuzidisha ugonjwa tunaodai kuupunguza.

Na swaumu? Mamilioni ya watu hufunga Ramadhani au Kwaresima bila madhara, na haki yao hiyo haina mjadala. Kwa aliyekwisha kuugua, hata hivyo, funga inaweza kuwa pazia la ugonjwa: anaendelea kufunga wenzake wakifuturu, au anatafuta sunna nyingine kila wiki ili asile. Kurani yenyewe imempa mgonjwa ruhusa ya kutofunga, na ugonjwa wa akili ni ugonjwa. Masheikh na wachungaji wanaolijua hili wanaweza kuokoa maisha kwa sentensi moja tu.

Inabaki hofu ya mwisho, kwamba tukisema "ni urithi" tumefunga milango ya matumaini. Ushahidi unasema kinyume. Katika Hospitali ya Maudsley, London, miaka ya 1980, madaktari waliacha kuwatenga wazazi kana kwamba wao ndio sumu, wakawakabidhi jukumu la kumlisha kijana wao mlo kwa mlo nyumbani, chini ya uangalizi wa kitabibu. Njia hiyo leo ni miongoni mwa tiba zenye ushahidi bora kwa vijana wenye anoreksia. Kwa bulimia na kula kupindukia, tiba ya mazungumzo inayolenga fikra na tabia, iliyoendelezwa na Christopher Fairburn wa Oxford, imewasaidia wengi. Vinasaba havikubadilika kwa wagonjwa hao. Mazingira ndiyo yaliyobadilishwa, yakatosha. Na familia zetu, zenye bibi, shangazi, dada na meza moja ya chakula, zina utajiri wa watu wa kazi hiyo, ilmradi kwanza ziache kutafuta wa kulaumiwa.

Kwa hiyo, mzazi, mwalimu, kocha, usingoje hadi mifupa ionekane, maana wengi wenye bulimia huwa na uzito wa kawaida. Tazama binti anayedai daima amekwisha kula, anayekwenda chooni kila baada ya mlo, ambaye hedhi yake imekatika bila mimba, anayehisi baridi wakati wa joto, anayezimia uwanjani. Ukiwa na historia ya maradhi haya katika ukoo, uwe macho zaidi. Zungumza naye kwa upole juu ya afya yake, si juu ya umbo lake. Aliyekaa na njaa kwa muda mrefu asilazimishwe kula kwa wingi ghafla, kwa sababu moyo na madini ya damu vinaweza kuvurugika, apelekwe hospitali. Mwambie daktari waziwazi kuhusu ulaji wake, na uombe rufaa kwa wataalamu wa afya ya akili, walioko Muhimbili na Mirembe, Mathari jijini Nairobi, Butabika jijini Kampala, na katika hospitali nyingi za rufaa. Vinasaba vyake hatukumchagulia, wala hatuwezi kuvibadili. Maneno tunayomwambia kuhusu mwili wake ni yetu, na tunaweza kuyabadili leo.